Reli Moja Katikati ya Lami: Kuanza na Kufungwa kwa Tramu ya Nancy

Jioni ya tarehe 12 Machi 2023, katika jiji la Nancy, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, magari ya njia ya kwanza ya tramu yalirudi karakana na hayakutoka tena kubeba abiria. Njia hiyo, iliyoitwa T1 kwa kifupi, ilikuwa na urefu wa kilomita 11 hivi. Ilianzia Mouzimpré, katika manispaa ya Essey-lès-Nancy upande wa mashariki, ikavuka mto Meurthe, ikapita katikati ya mji na karibu na stesheni kuu ya treni, kisha ikaelekea kusini hadi Vandœuvre-lès-Nancy na kuishia juu ya kilima cha Brabois, ilipo hospitali kubwa ya chuo kikuu. Ilikuwa imehudumu miaka 22 tu. Kwa tramu hayo ni maisha mafupi, kwa kuwa magari ya tramu ya kawaida hutarajiwa kufanya kazi miaka 30 na kuendelea, na njia yenyewe hujengwa ili iwapokee magari mengine baada ya hayo ya kwanza kuchakaa.

Kuhusu kufungwa huko kuna hukumu mbili zinazopingana. Ya kwanza inasema mradi mzima ulikuwa kosa tangu siku ulipotiwa saini: jiji lilinunua mashine isiyo basi wala tramu, likaiingiza barabarani kabla haijaiva, na wakazi wakabeba gharama yake kwa zaidi ya miongo miwili. Ya pili inasema njia yenyewe ilikuwa sahihi na ililihudumia jiji; kilichoshindwa ni chombo, na chombo hubadilishwa. Nimezipima zote mbili kwa muda mrefu, na naikubali sehemu kubwa ya hukumu ya pili bila kuwasamehe walionunua, maana kosa lao naliona mahali tofauti na pale linapotajwa mara nyingi. Hawakukosea kutafuta unafuu, wala hawakukosea kuchagua matairi ya mpira. Walikosea kujenga njia ambayo magari yake yangeweza kutoka kwa mtengenezaji mmoja tu duniani.

Ili uamuzi wao ueleweke, ni lazima turudi nyuma kidogo. Katikati ya karne ya 20 Ufaransa iling'oa karibu tramu zake zote, na Nancy ilifunga ya kwake mwaka 1958. Mji uliogeuza mwelekeo huo ni Nantes, uliofungua njia mpya kabisa mwaka 1985. Grenoble ikafuata mwaka 1987 na Strasbourg mwaka 1994. Fedha zilikuwapo kwa sababu sheria ya Ufaransa inawatoza waajiri wakubwa na wa kati asilimia fulani ya mishahara wanayolipa, na makusanyo hayo huenda moja kwa moja kwenye usafiri wa umma wa eneo lao. Nancy haikuwa imelala wakati huo wote. Mwaka 1982 ilileta trolibasi, yaani mabasi yanayovuta umeme kwa fito mbili kutoka nyaya zilizotandazwa juu ya barabara, na yale ya kwake yalikuwa marefu, yameunganishwa vipande viwili, na yaliweza pia kutembea kwa dizeli pale nyaya zilipokoma. Kwa hiyo miaka ya 1990, wakati miji mingine ilikuwa ikirudisha tramu na kupendeza macho ya wapigakura wake, Nancy ilikuwa na nyaya juu ya barabara zake, trolibasi zinazozeeka, na kilima.

Kilima cha Brabois ndicho kiini cha habari hii. Kwenye sehemu kali ya mwinuko wake, barabara hupanda karibu mita 13 kwa kila mita 100. Tramu kubwa za kisasa, zinazotembea kwa magurudumu ya chuma juu ya reli za chuma, kwa kawaida hujengewa njia zenye mwinuko usiozidi asilimia 8 au 9, kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza, hasa wakati wa mvua na majani makavu ya vuli. Lisbon ina tramu zinazopanda zaidi ya hapo, lakini ni vigari vidogo vya zamani vyenye mota kwenye kila mhimili. Juu ya Brabois kuna hospitali, kuna wanafunzi, kuna ajira. Huwezi kuijengea Nancy njia kuu ya usafiri halafu ukawaacha watu hao chini ya mlima. Kila mpango wa tramu ya Nancy, wa zamani na wa baadaye, umefika kwenye kilima hiki na kulazimika kukijibu.

Jibu lililochaguliwa lilijulikana kwa herufi TVR, ambazo kwa Kifaransa zina maana ya usafiri wa njia iliyotengwa. Wazo lake lilizaliwa Ubelgiji katika miaka ya 1980, kwenye viwanda vya BN, na likaingia mikononi mwa Bombardier ya Kanada ilipovinunua viwanda hivyo. Gari lilikuwa na vipande vitatu vilivyoungana, urefu wa mita 24.5, na lilitembea kwa matairi ya mpira kama basi lolote. Tofauti ilikuwa chini ya tumbo lake: kila mhimili ulikuwa na vigurudumu vya kuongozea vilivyoshuka na kukaa juu ya reli moja iliyozikwa katikati ya njia. Vigurudumu vikiwa chini, dereva aliacha usukani na gari likaifuata reli lenyewe, nyuma ikipita palepale ilipopita mbele. Vigurudumu vikiinuliwa, lilikuwa basi refu sana lenye usukani.

Tulitazame kwa karibu likiwa chini ya kilima, maana hapo ndipo uzuri na udhaifu wake ulipokutana. Gari linafika mahali reli inapokoma. Vigurudumu vinapandishwa, mikono ya dereva inashika usukani, na tani nyingi za chuma na watu zinaanza kupanda mlima kwa nguvu ya umeme na msuguano wa mpira juu ya lami. Jambo hilo tramu ya kawaida isingeliweza. Wakati wa kurudi, kazi ilikuwa ngumu zaidi: dereva alipaswa kulilenga gari juu ya reli, vigurudumu vishuke na kukaa sawasawa mhimili baada ya mhimili, ndipo safari iendelee. Operesheni hiyo ilirudiwa mara nyingi kila siku, kwenye mvua, theluji na msongamano, na kila mara usalama wa abiria ulitegemea kwamba vigurudumu vimekaa mahali pake kweli.

Walioichagua mashine hii hawakuwa wajinga, na ni haki hoja zao zisikilizwe kama zilivyokuwa. Kwanza, nyaya zilikuwapo; TVR ya Nancy ilitengenezwa itumie nyaya zilezile mbili za trolibasi, kwa fito zilezile. Pili, kilima kilipandika bila kuchimba handaki wala kuzunguka. Tatu, reli moja ya kuongozea, isiyobeba uzito wa gari, ilitarajiwa kugharimu kidogo kuliko reli mbili zinazobeba kila kitu, na kupunguza kazi ya kuhamisha mabomba ya maji, gesi na mifereji ya maji machafu iliyolala chini ya barabara, ambayo ni sehemu nzito ya bili ya tramu yoyote. Nne, mji wenye ukubwa wa Nancy, ambao pamoja na manispaa zinazouzunguka una wakazi wapatao robo milioni, haukuwa na mfuko wa Lyon wala wa Strasbourg. Jiji liliota njia tatu za aina hii. Ukiwa diwani mwaka 1997, na mezani umewekewa chombo kinachoonekana kama tramu, kinachopanda kama basi, kinachotumia miundombinu uliyo nayo na kilicho na jina la kampuni kubwa nyuma yake, kukikataa kulihitaji ujasiri ambao sidhani wengi wetu tungekuwa nao.

Huduma ilianza mwanzoni mwa 2001. Mwezi Machi mwaka huohuo, ndani ya siku chache, zilitokea ajali mbili za magari kupoteza uongozi wa reli. Njia ikafungwa, na ilichukua takriban mwaka mzima kabla ya abiria kuruhusiwa kupanda tena mwaka 2002. Sijui jiji lingine la Ufaransa ambalo tramu yake mpya ilikaa karakana muda mrefu namna hiyo wakati barabara zake zilikuwa zimeshachimbwa, zimeshajengwa na zimeshalipiwa. Wafanyabiashara walikuwa wamevumilia vumbi la ujenzi kwa ahadi ya kitu kitakachokuja. Kilipokuja kikaondoka, na mabasi ya kawaida yakapita juu ya reli isiyofanya kazi.

Mwaka huo uliacha alama mbili ambazo hazikufutika. Ya kwanza ni imani. Kila hitilafu iliyofuata, hata ile ambayo kwenye basi la kawaida isingetajwa, ilisomwa kama ushahidi mwingine dhidi ya tramu. Ya pili ni kwamba njia nyingine mbili za TVR hazikujengwa kabisa. Njia ya pili ya jiji ilipofunguliwa mwaka 2013, ilikuwa ya mabasi marefu yenye barabara yao wenyewe, kitu ambacho mkazi wa Dar es Salaam angekitambua mara moja na kukiita mwendokasi. Kwa maneno mengine, jiji lenyewe lilikwishatoa hukumu yake kuhusu TVR miaka kumi kabla ya kuifunga.

Kuhusu usukani nina jambo ambalo naona halikupimwa vya kutosha. Usukani ndio uliouza gari hili: uliruhusu kupanda kilima, kukwepa kizuizi barabarani na kurudi karakana bila reli. Lakini kwa kuwa gari lilikuwa na usukani na lilitembea kwenye barabara ya wote, sheria ililihesabu kuwa gari la barabarani, na magari ya barabarani ya aina hiyo nchini Ufaransa yana kikomo cha urefu wa mita 24.5. Tramu halisi haina kikomo hicho. Ukianza na gari la mita 30 na abiria wakaongezeka, unaweza kuongeza behewa au kununua gari la mita 40, na Ufaransa ina miji iliyofanya hivyo. TVR haikuweza kukua hata kwa hatua moja. Njia iliyojengwa kwa gharama na machungu ya tramu ilifungiwa ndani ya uwezo wa basi refu, na hilo lilijulikana tangu mwanzo, si jambo lililofichuliwa na ajali. Katika hesabu yangu hapa ndipo hoja ya unafuu inapopungua nguvu, maana unafuu hupimwa kwa kila abiria anayebebwa.

Kisha kuna lami. Basi la kawaida haliendi mara mbili kwenye mstari uleule. Dereva husogea sentimita kumi huku, ishirini kule, na uzito hutawanyika. Gari linaloongozwa na reli hupitisha matairi yake palepale kila safari, siku nzima, miaka nenda miaka rudi. Lami ikachimbika mifereji miwili sambamba na reli, na mifereji hiyo ikalifanya gari litikisike na kuchakaza zaidi sehemu zake za kuongozea. Kwa hiyo njia iliyokuwa iwe nyepesi na nafuu ilihitaji matengenezo mazito. Wahandisi wanaweza kulijibu tatizo hilo kwa zege imara zaidi, lakini zege imara zaidi ni gharama zaidi, na ukiendelea kuongeza hivyo unaisogelea bili ya tramu ya kawaida bila kupata tramu ya kawaida.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshakumbuka kwamba rahisi ni ghali. Hata hivyo nadhani methali hiyo haitoshi hapa. Nancy haikuadhibiwa kwa kununua cha bei ndogo. Iliadhibiwa kwa kununua cha peke yake. Magari ya TVR yaliyowahi kubeba abiria mijini yalikuwa 49 tu: 25 ya Nancy na 24 ya Caen, kule Normandie. Baada ya miji hiyo miwili hakuna mwingine ulioagiza, na Bombardier ikaacha kuyatengeneza. Tafakari maana yake kwa fundi wa karakana. Kipuri cha basi la kawaida hupatikana kwa simu moja. Kipuri cha gari lililobaki katika miji miwili hutengenezwa kwa oda maalumu, idadi ndogo, bei ya juu, na kwa kusubiri. Magari ya Nancy yalikarabatiwa ili yasukumwe miaka zaidi, lakini ukarabati hauwezi kuumba soko ambalo halipo. Mwaka 2021 kitengo cha reli cha Bombardier kilinunuliwa na Alstom, na mtoto huyu ambaye hakuwa na ndugu akabadilishiwa mlezi akiwa amekwishazeeka.

Linganisha na barabara ya zege ya Kimara, jijini Dar es Salaam. Barabara hiyo hailidai basi mambo mengi: milango iwe upande wa majukwaa, na sakafu ifikie kimo chake. Mabasi ya kwanza yakichakaa, viwanda kadhaa duniani vinaweza kushindania zabuni ya mengine. Reli ya Nancy ilidai gari moja kutoka mlango mmoja. Mfano mwingine uko karibu zaidi na Nancy yenyewe. Metz, jirani yake na mshindani wake wa siku zote katika eneo la Lorraine, ilifungua mwaka 2013 mfumo wa mabasi ya mita 24, yenye vipande vitatu na barabara yake maalumu, yaliyotengenezwa na Van Hool ya Ubelgiji. Mwaka 2024 Van Hool ilifilisika. Ni pigo, na vipuri vitahitaji kutafutwa. Lakini njia ya Metz ni barabara, na basi la urefu huo kutoka kiwanda kingine linaweza kupita juu yake. Kufilisika kwa muuzaji hakukuifilisi njia.

Caen inastahili nafasi yake, maana ni kama jaribio la pili la dawa ileile kwa mgonjwa mwingine. Ilifungua TVR yake Novemba 2002, kilomita 15.7, ikiunganisha Hérouville-Saint-Clair na Ifs kupitia katikati ya mji. Tofauti na Nancy, Caen iliamua kwamba magari yafuate reli muda wote yanapobeba abiria, na yavute umeme kutoka waya mmoja kama tramu za kawaida. Iliondoa hivyo ile operesheni ya hatari ya kuingia na kutoka kwenye reli kila safari. Pamoja na hayo hitilafu hazikuisha, abiria walijazana kwenye magari yasiyoweza kurefushwa, na Caen ikafunga njia yake tarehe 31 Desemba 2017, baada ya miaka 15, mapema kuliko Nancy. Hili ndilo linalonizuia kukubali maelezo kwamba kila kitu kiliharibiwa na ajali za 2001 au na kilima cha Brabois. Caen haikuwa na kilima cha namna hiyo, haikutumia usukani njiani, na bado iliiona njia yake ikichoka kabla ya wakati.

Walichofanya Caen baadaye kinaipa nguvu hukumu ya pili niliyoitaja mwanzoni. Hawakuifuta njia. Waliing'oa reli ya katikati, wakatandaza reli mbili za kawaida kwa sehemu kubwa kwenye ardhi ileile iliyokwishatengwa, na tarehe 27 Julai 2019 wakazindua tramu za Citadis za Alstom, aina inayotembea katika miji mingi duniani. Kwa mwaka mmoja na miezi saba abiria walipanda mabasi, na bili ya ubadilishaji ilipita euro milioni 200. Ni fedha nyingi mno kwa kufanya mara ya pili kazi iliyokwishafanywa mara moja. Lakini jambo gumu kuliko yote katika usafiri wa mjini, yaani kuyanyang'anya magari binafsi nafasi ya barabara na kuizoesha jamii kuishi hivyo, lilikuwa limekwishatimizwa na ile tramu iliyoshindwa.

Ndivyo ilivyokuwa Nancy pia, na wanaoiita T1 kushindwa kutupu wanapaswa kulijibu hili. Kwa miaka 22 ilibeba makumi ya maelfu ya watu kwa siku, na ndiyo iliyokuwa njia yenye abiria wengi kuliko zote jijini. Wauguzi wa zamu ya alfajiri, wanafunzi wa Vandœuvre na wazee wa Essey waliotaka kufika stesheni bila gari waliipanga siku yao juu yake, hata walipoilalamikia. Mtu halalamikii kila siku chombo asichokihitaji. Hata wakati wa kufungwa, kilichobishaniwa Nancy ni gari gani lipite hapo. Kwamba njia hiyo lazima iwepo halikuwa jambo la mjadala.

Mjadala wa gari gani ulikuwa mkali. André Rossinot, meya wa Nancy kuanzia 1983 hadi 2014 na kiongozi wa baraza la jiji na vitongoji vyake hadi 2020, ambaye chini yake TVR ilinunuliwa, ndiye pia aliyetayarisha mpango wa kuibadilisha kwa tramu halisi ya reli mbili, na kwa ajili ya Brabois mpango huo ulilazimika kukizunguka kilima kwa njia ndefu yenye mwinuko mpole. Uchaguzi wa 2020 ukamleta Mathieu Klein, na uongozi mpya ukausimamisha mpango huo. Mwaka 2021 ukachagua kurudi kwenye trolibasi. Zilinunuliwa trolibasi 25 za Hess ya Uswisi, ndefu kama TVR, zenye vipande vitatu na betri zinazochajiwa gari likiwa safarini, hata zikaweza kupita mahali pasipo na nyaya. Zilianza kubeba abiria Aprili 2025, baada ya miaka miwili ya mabasi ya muda.

Waliotaka reli wana hoja nzito. Wanasema jiji limefunga tena mlango wa ukuaji, kwa kuwa trolibasi haitarefuka zaidi ya ilivyo. Kwamba tramu huvuta wawekezaji na wakazi kwenye njia yake kwa sababu reli haihamishwi na kila uchaguzi. Na kwamba Caen, iliyoumwa na nyoka yuleyule, ilikubali gharama na sasa ina chombo cha miongo mingi. Waliochagua trolibasi wanajibu kwamba fedha za jiji hazikuruhusu, kwamba kilima hakihamishiki, na kwamba njia ya kuzunguka ingewaongezea dakika wale hasa ambao safari yao ndiyo sababu ya njia kuwepo. Ningekuwa mkazi wa Caen ningeitetea reli. Mji ule ni wa tambarare kiasi, na njia mbili zinazokutana katikati zilihitaji magari makubwa. Kwa Nancy naegemea trolibasi, ingawa siegemei kwa moyo mweupe, kwa sababu idadi ya abiria asubuhi inaweza kuzidi kile ambacho gari la mita 24 linabeba, na siku hiyo ikifika jibu pekee litakuwa kuongeza idadi ya magari na madereva, ambalo ni jibu la gharama ya kila mwezi badala ya gharama ya mara moja.

Kuna wanaotaka kuligeuza suala hili kuwa kesi dhidi ya tramu za matairi kwa jumla, na wana ushahidi wa kuvutia macho: mwaka huohuo wa 2023, China ilifunga njia zake mbili za Translohr, mfumo wa Kifaransa unaofanana na TVR, moja ikiwa Zhangjiang mjini Shanghai na nyingine katika eneo la viwanda la TEDA mjini Tianjin. Lakini njia zile zilikuwa fupi, zilijengwa katika maeneo mapya ya viunga vya mji na zilikosa abiria wa kutosha. Zilikufa kwa njaa, ilhali ya Nancy ilikufa ikiwa imejaa watu. Tena Translohr hulishika reli lake kwa jozi ya vigurudumu vilivyoinama pande zote mbili, namna ambayo hailiachi reli kwa urahisi, na haina usukani wa kutoka nje ya njia. Clermont-Ferrand, mji wa Michelin, bado inaitumia tangu 2006, na Medellín nchini Colombia imeitandaza kwenye mteremko mkali ambao tramu ya chuma isingeupanda. Ubaya unaoziunganisha na Nancy ni uleule wa muuzaji mmoja: mnunuzi wa Translohr naye hana duka la pili la kwenda.

Kwa hiyo lawama naiweka kwenye mkataba wa miaka ya 1990 kuliko kwenye uhandisi wa Wabelgiji, uliokuwa na ubunifu wa kweli. Jiji la robo milioni ya watu lilikubali kuwa uwanja wa majaribio wa bidhaa ambayo haikuwa imebeba abiria wa kila siku katika mji mwingine wowote, bila kuhakikisha kwamba kama muuzaji ataacha kuitengeneza, njia inaweza kupokea gari la mwingine. Kama reli ile ya katikati ingewekwa tangu mwanzo kwenye njia yenye upana, zege na vimo vya majukwaa vinavyoweza kupokea trolibasi ya kawaida bila ujenzi mpya, Nancy ingeweza kuiacha TVR mwaka 2002, baada ya ule mwaka wa karakana, na wakazi wasingesubiri hadi 2025.

Sasa trolibasi za Hess zinapita kwenye njia ileile, Essey hadi Brabois, chini ya nyaya mbili kama zile za mwaka 1982. Zikifika chini ya kilima hakuna vigurudumu vya kuinuliwa wala reli ya kuiacha. Dereva anakanyaga, gari linapanda ile asilimia 13, na anayekwenda kliniki anashuka mlangoni mwa hospitali.